Sauti ya Parsaoti Kwenye Spika za Kiragu

Wananchi wa Kitengela, Isinya na viunga vyake, pamoja na nyinyi mnaopita tu Namanga Road na madirisha yamefungwa: mnatangaziwa rasmi kwamba mwezi wa Januari mwaka wa 2006, wakati mbingu ilikuwa imefunga ofisi na nyasi ya Kaputiei imebaki hadithi, aliinuka kati yenu mwanamume kwa jina Morgan Wangila, akawapa sauti watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Serikali haikuarifiwa. Makanisa hayakushauriwa. Hakuna utepe uliokatwa, wala mheshimiwa aliyechelewa kuja kuukata.

Huyo Morgan alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Alitoka Kimilili kuja kuandikwa kwenye kiwanda kimoja huko Athi River, akakuta nafasi yake imekaliwa na mpwa wa mtu, akaamua kupumzika Kitengela kidogo. Mapumziko hayo sasa yalikuwa yanaelekea miaka sita. Aliangalia saiba ya Kiragu, chumba cha mabati chenye kompyuta za kulipia, kilichobanwa kati ya duka la dawa za mifugo na uwanja wa kuoshea magari, ambao pia ulikuwa wa Kiragu. Kiragu mwenyewe alikuwa broka wa ploti. Saiba na kuosha magari vilikuwa vya kumpa mahali pa kuketi akingoja wanunuzi.

Jioni na wikendi, watu walikuja kucheza vita. Ni ule mchezo wa kutazama uwanja kutoka juu kama Mungu asiye na haraka: unajenga, unaita askari, unawatuma wakafe, unaita wengine. Ulikuja na mashujaa wa Kizungu na ngome zao, lakini ulikuwa pia na sehemu ya kujitengenezea ramani, na hapo ndipo Morgan alipopata wito. Alitengeneza ramani ya Kaputiei. Aliweka uwanda, miiba, visima, ambavyo maji yake ndiyo ya kulipia askari, na barabara ya lami. Badala ya wapanda farasi aliweka malori ya mawe. Badala ya mchawi aliweka broka, ambaye akifika mahali penye mti, mti unageuka kuwa bikoni ya mpaka wa ploti. Na katikati ya yote akaweka boma, na humo anazaliwa mchunga ng'ombe, mwenye shuka nyekundu ambayo Morgan aliichora kwa mkono wiki nzima.

Tatizo likawa mdomo. Ukimbonyeza huyo Mmasai wa shuka nyekundu, alikuwa anakujibu kwa Kiingereza cha ikulu ya malkia.

"Morgan, huyu mzee amesomea wapi?" wateja walimuuliza. "Oxford ama Olooloitikosh?"

Walicheka mpaka wakashika meza. Morgan alicheka nao, lakini usiku hakulala vizuri. Akaanza kutafuta sauti.

Kila askari kwenye mchezo ule anahitaji sauti kadhaa. Anapozaliwa aseme kitu. Ukimchagua aseme kitu. Ukimtuma mahali aseme kitu. Ukimbonyezabonyeza bila kumtuma popote, akasirike. Na akifa, afe na maneno. Kiragu alijitolea kuwa broka, kazi ambayo haikumhitaji kuigiza. Ukimchagua anasema, "Hii ploti iko karibu na lami." Akifa anasema, "Title inatoka wiki ijayo." Lori lilirekodiwa lori. Akabaki mchunga ng'ombe, na kwa huyo Morgan alimwendea, kabla ya Krismasi, mwenye ploti aliyopanga, mzee Parsaoti, ambaye boma lake lilikuwa upande wa pili wa Namanga Road, mbele kidogo.

"Supa, mzee."

"Ipa. Umebeba nini hapo? Redio?"

"Rekoda. Nataka sauti yako, mzee. Ile unaitia ng'ombe wakuje maji."

"Maji iko?"

"Maji gani?"

"Hiyo naitia."

Morgan alicheka. Parsaoti hakucheka.

"Nikiita watakuja," mzee alisema. "Wakikuja wapate birika imekauka, siku ingine nikiita watasema ni yule mzee wa uongo. Enda uteke maji."

Morgan aliteka. Alibeba mitungi kutoka kwenye bomba la jirani mpaka mabega yakamuuma, birika la kunyweshea likajaa, na njia nzima alikuwa akijiambia kwamba mzee ana maringo. Kisha Parsaoti akaweka kiganja kando ya mdomo na kuita. Mwito ulianza chini, kama mtu anayesafisha koo, ukapanda, ukakaa huko juu ukitetemeka, halafu ukavunjika kuwa miluzi miwili mifupi. Kule kwenye miiba kitu kikatikisika. Ng'ombe walikuja mbio, mbele yao Keri, jike la mabaka ambalo lilitembea kama linakwenda kufungua mkutano.

Morgan hakuona hayo. Alikuwa ameinamia rekoda, akichunga mshale usipite mahali pekundu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na mtu asimlaumu sana. Kwao Kimilili ng'ombe ni mmoja, akizidi wawili, na ana kamba. Unavuta kamba, ng'ombe anakuja. Kamba haina masikio. Kwa Morgan, ule mwito ulikuwa pambo zuri tu, kama kofia.

Sauti za hasira hakuhitaji kuziomba. Alimwambia mzee arudie mara ya pili, akapewa bure.

"Wewe tena?" Parsaoti alifoka. "Unanidungadunga kwa nini? Mimi ni kengele?"

Kikohozi kilichofuata nacho kikaingia kwenye rekoda, kikawa cha kufia. Morgan aliondoka akiwa na furaha ya mtu aliyeokota simu.

Kuziingiza kwenye ramani ilikuwa vita nyingine. Mara ya kwanza Parsaoti alisikika kama bata. Mara ya pili hakusikika kabisa. Mara ya tatu mchezo wenyewe ulizirai. Morgan alipunguza huku, akabadilisha kule, akajaribu tena na tena na headphone masikioni, mpaka jioni moja mchunga ng'ombe wa shuka nyekundu alitumwa kisimani na akaita kama Parsaoti mtupu. Sauti zilikuwa sasa zimefungwa ndani ya ramani. Kiragu alipolalamika kwamba kompyuta zimejaa na wateja hawana pa kuweka picha zao za pasipoti, Morgan alifuta zile rekodi za mwanzo, na juu ya ile kaseti akarekodi mahubiri ya redio.

Basi ikafika Jumamosi ya mashindano ya mchezo huo.

Asubuhi Parsaoti alipita saiba na mpwa wake Katoo. Mzee alikuwa amekonda. Alikuwa amezunguka na mifugo tangu Krismasi, Isinya hakuna kitu, Kajiado hakuna kitu, na wengi aliwaacha njiani wamelala, wasiinuke tena. Waliobaki walikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja mtupu uliotazamana na saiba. Alikuwa amepata nyasi kwenye shamba la mtu upande huu, nyuma ya mji. Angevuka mchana, magari yakipungua. Hayo yote aliyasema Katoo, kwa sababu Parsaoti alipofungua mdomo kulitoka upepo tu. Vumbi na kuita kwa wiki nyingi vilikuwa vimemla koo.

"Pole sana, mzee," Morgan alisema. "Lakini usijali. Sauti yako niko nayo hapa ndani."

Parsaoti alitazama kompyuta, akatazama Morgan, akaenda zake.

Saa sita hivi Kiragu alitoa spika nje. Zilikuwa spika za kukodisha harusini, mbili, ndefu kuliko mtoto wa nasari, na alizielekeza barabarani ili dunia nzima ijue kwamba kuna mashindano. Waya wake uliingia dirishani mpaka kompyuta namba moja, ambapo alikuwa ameketi Githinji, muuza misumari mwenye mdomo mwingi. Mpinzani wake, kwenye kompyuta namba tano, alikuwa Ciku, mshonaji wa kiwandani, ambaye hakuwa na mdomo kabisa na alikuwa hajawahi kushindwa.

Githinji alizalisha wachunga ng'ombe watatu kwa mpigo, akamtuma mmoja kisimani. Mwito ukatoka kwenye spika, ukapanda, ukatetemeka juu ya Kitengela, ukavunjika miluzi miwili.

Watu walipiga makofi. Waosha magari waliacha matambara. Githinji, kuona anapendwa, akatuma tena. Akatuma wote watatu. Morgan alisimama mlangoni mikono kifuani, akisikiliza kazi yake ikijaza mji, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke Kitengela alihisi kwamba amefika.

Ndipo alipoona ng'ambo, kule uwanjani, kichwa kimoja chenye mabaka kikiinuka.

Keri aligeuza masikio. Hakuwa amekunywa tangu juzi. Alianza kutembea, na wengine nyuma yake, halafu haikuwa kutembea tena. Katoo alikimbia mbele yao na fimbo, wakampita kama maji yanavyopita jiwe. Wakaingia lami.

"Zima!" Morgan alipiga kelele. "Githinji, zima hiyo kitu!"

Hakukuwa na haja. Ndani, lori la Ciku lilikuwa limefika kisimani na kuwaponda wachunga ng'ombe wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikufa kwa kikohozi cha Parsaoti. Kisha kimya.

Morgan alishusha pumzi. Akaipandisha tena, kwa sababu ng'ombe walikuwa wamesimama. Mwito umekatika, maji hawayaoni, kwato zinateleza, na wako katikati kabisa ya Namanga Road, wamejikunja kuwa donge moja la pembe na mbavu. Basi moja lilikuwa limesimama upande wa kulia, likipiga honi kama mjinga. Na kushoto, kutoka Athi River, mbali bado lakini si mbali sana, lilikuwa linakuja trela la saruji.

Parsaoti alikuwa ng'ambo. Mdomo wake ulikuwa wazi, mishipa ya shingo imesimama, na hakuna kilichotoka. Aliwapiga wa nyuma kwa fimbo. Wa nyuma walisukuma, wa mbele hawakusogea. Mzee akainua macho, akamwona Morgan. Akanyoosha fimbo kwenye spika. Akajigusa mdomo. Akanyoosha tena kwenye spika.

Morgan alijaribu mwenyewe kwanza, tuseme ukweli. Alisimama barazani, akaweka kiganja kando ya mdomo na kuita. Keri alimtazama kama mtu anayetazama mlevi kanisani, akageuza uso.

Akakimbilia ndani. "Githinji, toka hapo!"

"Toka wapi? Mechi inaendelea!"

"Zalisha mchunga mmoja! Mmoja tu!"

"Niko na maji ya kuzalisha mmoja, na ninazalisha broka. Wachunga hawashindi vita, buda."

Morgan alimsukuma akaanguka na kiti. Kuanza mchezo upya haingewezekana, kwa zile kompyuta za Kiragu ramani ilifunguka taratibu kama mtu anayefungua barua ya korti. Rekodi za mwanzo alikuwa amezifuta kwa mkono wake. Sauti ya Parsaoti iliyobaki duniani ilikuwa ndani ya ramani ile, na ndani ya ramani ile hapakuwa na mtu hai wa kuitoa. Alibonyeza boma. Akabonyeza mchunga. Chini ya skrini kijistari cha kijani kikaanza kujaa, polepole, bila wasiwasi wowote.

Na malori ya Ciku yakaja kulibomoa lile boma.

"Ciku, acha! Usipige boma!"

"Vita ni vita," Ciku alisema bila kugeuka.

"Ciku, ng'ombe ziko kwa barabara! Za ukweli! Angalia nje!"

"Mwaka jana uliniambia kuna moto."

"Ciku, aki ya Mungu, angalia!"

Boma lilikuwa linatoa moshi. Kijistari kilikuwa katikati. Honi ya trela ilisikika sasa, ndefu, haikatiki. Ciku aliinua shingo kutazama dirishani. Akarudi kwenye skrini yake, na Morgan akaona malori yote yakigeuka na kuondoka bomani, yote kwa pamoja, kama watoto walioitwa nyumbani.

Kijistari kikajaa.

Mchunga ng'ombe wa shuka nyekundu alizaliwa. Morgan alimbonyeza. Kwa haraka akambonyeza tena, akambonyeza na mara ya tatu, na kule nje spika za harusi zikanguruma kwa sauti ya mzee:

"WEWE TENA? UNANIDUNGADUNGA KWA NINI? MIMI NI KENGELE?"

"Yule wa mabaka anarudi nyuma!" Githinji, aliyekuwa amejiokota na kukimbilia mlangoni, alipiga yowe. "Morgan, wanarudi! Wanasikia wanatusiwa!"

Morgan aliondoa mkono kwenye mausi. Akaupangusa kwenye suruali. Mchezo ule ulitaka ustaarabu: ukimchokoza mzee anakutukana, ukimtuma kazi anaita. Alipeleka mshale kwenye kisima, akabonyeza mara moja, upande wa kulia.

Mwito ukatoka.

Sasa ilibidi angoje. Ukituma tena kabla mwito haujaisha, mchezo unaukata na kuanza mwingine, na ng'ombe atasikia vipande. Morgan alingoja. Sauti ilipanda. Ilitetemeka. Honi ya trela ililia juu yake. Miluzi miwili. Akatuma tena, hatua chache mbele. Akangoja. Kutoka pale alipoketi hakuona barabara. Aliona mtu mdogo mwekundu akitembea kwenye nyasi za kijani ambazo Kajiado nzima haikuwa nazo.

"Githinji, sema!"

"Wanakuja! Yule wa mabaka ametoka lami! Mmoja amevuka, wawili, wata..."

Kulikuwa na sauti ya kofi. Katoo alikuwa amefika mlangoni, anahema.

"Wewe! Ng'ombe ya watu haihesabiwi, ni mkosi!"

"Basi nitasemaje?"

"Sema wanakuja!"

"Wanakuja! Wengine wamevuka! Wengine... wengine bado! Trela limeshika breki, Morgan! Linakuja upande! Linakuja upande!"

Tairi zililia kule nje kwa sauti ambayo hakuna mtu angeweza kuirekodi. Kila kitu mwilini mwa Morgan kilimwambia abonyeze. Mwito ulikuwa bado uko juu, haujavunjika. Alishika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, akangoja. Mluzi. Mluzi. Akatuma.

Ukuta wa mabati ukatetemeka. Kwanza alifikiri ni trela. Halafu akasikia kwato, na harufu ya vumbi na jasho la mifugo ikaingia dirishani, na mtu akaangusha ndoo.

"Sema, Githinji!"

Githinji alikuwa amekaa chini kizingitini, anatikisa kichwa. Katoo ndiye aliyejibu, pole pole.

"Wamekuja wote. Hata kale kandama ka kuchechemea."

Trela lilikuwa limesimama mshazari barabarani, pua yake mahali ambapo Keri alikuwa amesimama. Dereva alishuka, akalizunguka gari lake mara moja, akaketi kwenye ngazi.

Uwanja wa kuoshea magari ulikuwa umejaa pembe. Ng'ombe walinusa sakafu yenye sabuni. Wakamtazama kila mtu. Kiragu alikuwa amesimama mbele ya tangi lake, mikono wazi kama kipa.

"Haya maji nimeletewa na lori la boza jana! Ni ya biashara!"

"Boss, toka," Morgan alisema. "Wameitwa."

Hakungoja jibu. Alifungua bomba la chini, maji yakaruka, waosha magari wakaleta beseni, ndoo, hata kile kidimbwi cha plastiki cha mtoto wa Kiragu. Keri aliinamisha kichwa, akanywa, na koo lake likasikika mpaka ndani ya saiba. Parsaoti alivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Alipita kati ya mifugo yake akigusa mmoja mmoja mgongoni, midomo ikicheza, akafika kwa Morgan, akamvuta sikio mpaka karibu na mdomo wake.

"Huyo wa ndani," alinong'ona, "mwambie asante."

Kufikia hapo nusu ya Kitengela ilikuwa imekusanyika, na Kiragu, ambaye hajawahi kuona umati bila kuona pia ploti, alibadilika uso. Alipanda juu ya kreti ya soda. Alisema leo historia imeandikwa. Alisema teknolojia na utamaduni vimekumbatiana hapa hapa, karibu na lami. Alisema kijana huyu alikaa mbele ya kifo kinachopiga honi, mkono wake ukiwa imara kama nguzo ya stima, na kwamba vizazi vitataka kujua ni wazo gani kubwa, ni maono gani, yaliyokuwa yakipita kichwani mwake katika dakika ile. Kisha akanyoosha mkono, watu wakanyamaza, hata dereva wa trela akageuka kusikiliza.

"Morgan Wangila! Waambie wananchi. Ulikuwa unafikiria nini?"

"Kukojoa," Morgan alisema. "Na bado nataka."